Mwalimu wa Hesabu Aliyehamia Pumwani

Mlezi wetu wa Chama cha Kiswahili alipotuagiza kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, wenzangu walikimbilia majina makubwa makubwa. Mmoja alimchukua Mekatilili wa Menza, mwingine Dedan Kimathi, na wawili walimgombania Shaaban Robert nusura wararuane mashati. Mimi nilipotaja mtu wangu, darasa zima liliangua kicheko. Nilisema nitaandika juu ya mwalimu wa hesabu. Tena Mzungu. Ati kwani mashujaa wa kwetu wamekwisha?

Hawajakwisha. Lakini nina sababu yangu, na heri niieleze mapema msije mkasema nimewazungusha. Mwalimu wetu wa hesabu na fizikia amepata barua ya uhamisho. Muhula ujao atakwenda shule ya bweni yenye maabara ya kweli na mabomba yanayotoa maji. Sisi, kama mnavyojua, ni shule ya kutwa. Wengine tunatoka Kibera, wengine Kawangware, na mvua ikinyesha tunafika asubuhi viatu vimebeba matope ya mitaa yote miwili. Darasani tuko sitini na wanne. Tangu nilipoingia Kidato cha Kwanza, walimu wa hesabu wamepita kama abiria wa matatu: anapanda, anakaa kidogo, anashuka kituo kinachofuata. Huyu tuliyenaye ndiye wa kwanza aliyenifanya nielewe, na sasa naye anashuka.

Basi nikajiuliza, je, kuna mwalimu yeyote katika nchi hii aliyewahi kwenda upande ule mwingine? Yaani atoke shule kubwa yenye kila kitu, aje kwa watoto wa kutwa? Nikaulizauliza, nikachakura maktabani, nikampata mmoja. Jina lake ni Edward Carey Francis.

Alizaliwa London tarehe 13 Septemba 1897. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914 alikuwa na umri kama wetu, bado yuko shule. Baadaye akaingia jeshini, akawa afisa katika kikosi cha mizinga. Vita vilipokwisha akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea hesabu. Hapo ndipo kichwa chake kilipoonekana. Alipita vizuri mno hata akafanywa mwalimu wa hesabu katika chuo cha Peterhouse, ambacho ndicho kikongwe kuliko vyuo vyote vya Cambridge, kwa kuwa kilianzishwa mwaka wa 1284. Mtu aliyefika pale huwa amefika. Ana chumba chake, ana vitabu vyake, ana wanafunzi wachache wenye akili nyingi, na hakuna anayempigia kelele darasani. Angeweza kukaa huko mpaka mvi zimwote, na hakuna ambaye angemlaumu.

Mwaka wa 1928 aliacha yote hayo. Alijiunga na wamisionari wa Kianglikana wa CMS, akapanda meli, akaja Kenya kuwa mkuu wa shule ya Maseno, kule karibu na Kisumu, mahali ambapo mstari wa Ikweta unapita. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1906. Hebu fikiria, mwanafunzi mwenzangu. Jana ulikuwa ukifundisha hesabu ambazo hata majina yake mimi siyawezi, leo umesimama mbele ya vijana wa Maseno mkononi una chaki, unafundisha sehemu na desimali. Mtu mwingine angeona ameshushwa cheo. Yeye hakuona hivyo. Kwa maoni yangu hapa ndipo panapompambanua na walimu wengi wenye digrii kubwa: aliiheshimu hesabu ndogo kama alivyoiheshimu ile kubwa. Baadaye aliandika vitabu vya hesabu vya shule za msingi, na watoto wa Afrika Mashariki walivitumia kwa miaka mingi.

Maseno alikaa miaka kumi na miwili. Miongoni mwa vijana waliopitia shule hiyo wakati wake ni Jaramogi Oginga Odinga, yule aliyekuja kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya. Sitakaa sana Maseno, maana karatasi ni chache na bado safari ni ndefu.

Mwaka wa 1940 alihamishiwa Alliance High School kule Kikuyu kuwa mwalimu mkuu wa pili. Sisi wa Kawangware tunapajua upande huo. Ukifuata barabara ya kwenda Dagoretti ukaendelea tu, hatimaye utafika Kikuyu, wala si safari ya kufunga mizigo. Alliance ilikuwa imeanza tarehe 1 Machi 1926 ikiwa na wanafunzi 27, na iliitwa hivyo kwa sababu makanisa kadhaa ya Kiprotestanti yaliungana kuianzisha. Carey Francis aliiongoza kwa miaka ishirini na miwili, toka 1940 hadi 1962. Alipoondoka ilikuwa shule inayotajwa nchi nzima.

Sasa aliifanyaje? Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo penye utamu, na ndipo walimu wetu wanaosoma jarida hili wanaweza kutega sikio.

Kwanza, alikuwa mkali. Hilo hakuna anayelificha. Kengele ikilia imelia. Mabweni yalikaguliwa, vitanda vikatazamwa, nguo zikatazamwa. Wavulana walifanya kazi za mikono, walifyeka na kufagia, hata yule aliyekuwa mtoto wa chifu. Na viboko vilikuwapo, tena vya kweli. Wakati ule shule nyingi za Kenya na za Uingereza ziliendeshwa hivyo, na yeye alikuwa mtu wa wakati wake.

Lakini kama ukali peke yake ungetosha, basi shule ya msingi niliyosoma mimi ingekuwa Alliance ya pili. Kulikuwa na mwalimu mmoja ambaye sitamtaja. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, nami wakati huo sikuwa hata nimezaliwa, lakini huyo mwalimu nadhani hakuwa amepata habari. Alitutandika kwa kila jibu lililokosewa. Matokeo yake ni kwamba tulinyamaza. Darasa lilikuwa tulivu kama kaburi, na hakuna aliyejua kugawanya sehemu kwa sehemu. Mgeni angechungulia dirishani angesifu nidhamu yetu.

Carey Francis alikuwa na kitu kingine zaidi ya ukali. Aliwajua wanafunzi wake. Aliwajua kwa majina, akamjua huyu ni mvivu na yule ni mwoga tu. Hakuwa mwalimu mkuu wa kujifungia ofisini na karatasi. Aliingia darasani mwenyewe akafundisha hesabu. Hakuoa na hakuwa na watoto wake mwenyewe, kwa hiyo shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Na kile alichowadai wanafunzi alijidai mwenyewe kwanza: saa, kazi, ukweli. Ni vigumu kuchelewa kwa mtu ambaye yeye hachelewi.

Haya nimeyajaribu mimi mwenyewe, wala sisemi ya kusikia tu. Kila Jumamosi alasiri huwa nawafundisha watoto wa ploti yetu pale Makina hesabu na sayansi, maana mama aliwaahidi majirani bila kuniuliza. Ni watoto kumi na watatu, na chumba ni kimoja. Siku ya kwanza nilishika mwiko wa ugali kama fimbo na kupiga meza. Walicheka. Siku ya pili nilipayuka mpaka sauti ikakauka, na jirani mmoja akaja kuuliza kama kuna mwizi. Nilipokuwa nikisoma habari za Mzee Carey Francis nikaona nijaribu njia yake ile nyingine. Nilichukua daftari, nikaandika jina la kila mtoto, na mbele ya jina nikaandika kitu kimoja asichokielewa. Kumbe yule mtundu kuliko wote, aliyekuwa akirusha maganda ya ndizi, hakujua kusoma saa. Alikuwa akifanya vurugu kila tukifika kwenye mambo ya saa ili asiulizwe! Nilimfundisha saa peke yake, dakika ishirini tu, huku wengine wakipima ni kopo ngapi za maji zinajaza mtungi wa lita ishirini. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewanyamazisha wenzake. Kopo na mtungi ni wazo nililoiba kwa mwalimu wetu wa fizikia. Maji Kibera tunanunua kwa mtungi, kwa hiyo kila mtoto anajua mtungi, na ukianzia hapo lita na mililita haziwi tena mambo ya kitabuni.

Turudi Kikuyu. Sitaki mfikiri nimemvika mzee wetu mabawa ya malaika. Alikuja wakati wa ukoloni, na mambo mengine aliyaona kwa macho ya ukoloni. Aliamini Mwafrika atatayarishwa polepole, na wazungu kama yeye ndio watakaomtayarisha. Wale waliodai uhuru upesi aliona wana haraka. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 aliwapinga Mau Mau waziwazi. Papo hapo aliulalamikia ukatili wa askari wa serikali kwa raia, jambo ambalo wazungu wengi wakati ule walilifumbia macho. Lakini hakuivuka ile mipaka yake. Mimi nadhani mtu anaweza kukujua jina lako na shida zako zote na bado asijue kwamba umekwisha kuwa mtu mzima.

Anayeeleza vizuri mambo ya miaka hiyo ni marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance mwaka wa 1955 akitokea Limuru. Safari yenyewe ilikuwa kisa. Alikosa kibali cha kusafiri kilichotakiwa kwa watu wa kwao, akakataliwa kupanda behewa la abiria, ikabidi aingie katika treni ya mizigo ndipo afike shule. Muhula wa kwanza ulipokwisha alirudi nyumbani na sare zake, akakuta kijiji chao hakipo. Nyumba zilikuwa zimebomolewa, watu wamehamishiwa kijiji kingine kilichosimamiwa na askari. Na huku shuleni nyasi zimekatwa sawasawa, kengele inalia kwa wakati wake, na mwalimu mkuu anapita akitazama kama viatu vimepigwa rangi. Ngũgĩ aliandika juu ya hayo katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka wa 2012, na ukikisoma unaona kwamba hata baada ya miaka zaidi ya hamsini mwalimu yule hajamtoka akilini, kwa mazuri na kwa magumu.

Wengine waliopita Alliance ni Charles Njonjo, aliyekuja kuwa Mkuu wa Sheria, na Ronald Ngala wa Pwani, aliyekuja kuwa waziri. Profesa Bethwell Ogot, mwanahistoria, alifundisha hesabu pale pale katika miaka ya hamsini kabla ya kwenda ng'ambo kusoma historia. Mwaka wa 1963 bendera yetu ilipopandishwa, serikali mpya ilikuwa imejaa watu waliowahi kusimama kwenye gwaride lake asubuhi. Nadhani hakutarajia ingekuwa upesi hivyo. Wale aliokuwa akiwatayarisha polepole walikuwa tayari zamani.

Na sasa nafika pale palipofanya nichague mtu huyu.

Mwaka wa 1962 Carey Francis alistaafu Alliance. Alikuwa anafikisha miaka sitini na mitano. Wazungu wengi wakati huo walikuwa wakifunga masanduku yao kurudi Uingereza, maana uhuru ulikuwa mlangoni na hawakujua ya kesho. Yeye angeweza kurudi Cambridge akakaribishwa kwa heshima. Au angejenga nyumba ndogo Limuru akapanda maua. Badala yake alikwenda Shule ya Sekondari ya Pumwani, akawa mwalimu wa kawaida.

Nirudie, pengine umesoma haraka. Mwalimu wa kawaida. Si mkuu wa shule. Mtu aliyeongoza shule mbili kubwa kwa zaidi ya miaka thelathini alikubali mtu mwingine awe mwalimu mkuu, yeye apewe ratiba, aambiwe kipindi chako ni hiki na darasa lako ni lile.

Na Pumwani si Kikuyu. Nilikwenda kuiona mwenyewe, maana sikutaka kuandika juu ya mahali nisipopajua. Kutoka Kibera nilipanda matatu hadi mjini, nikatembea nikapita Gikomba katikati ya marundo ya mitumba na mafundi wa mbao, huku wabeba mizigo wakinipigia kelele nipishe njia. Ukimaliza Gikomba uko karibu kufika. Pumwani ni mtaa mkongwe wa Waafrika, serikali ya mkoloni iliutenga mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mpaka leo Kiswahili chake kina ladha ya Pwani kuliko hiki chetu. Watu walipanga vyumba, familia nzima chumba kimoja. Mtoto wa Pumwani hakulala bwenini. Jioni alirudi kwenye chumba kile kile cha kupikia, cha kulala na cha wageni, na kama alitaka kufanya hesabu alizopewa ilibidi atafute pa kuweka daftari. Sisi tunayajua hayo bila kusimuliwa. Kule Alliance mwalimu alikuwa na mvulana toka alfajiri mpaka taa zizimwe. Pumwani alikuwa naye saa chache tu, halafu mtaa ukamchukua.

Nikiwa nimesimama pale niliwaza: hapa kengele na ukaguzi wa vitanda vingemsaidia nini? Hakuna vitanda vya kukagua. Kile alichobaki nacho ni chaki, ubao, madaftari ya kusahihisha na majina ya wanafunzi. Vitu vile vile alivyo navyo mwalimu wetu katika darasa la watu sitini na wanne. Na mzee yule, ambaye wanafunzi wake wa zamani walikuwa wakipita barabarani kwa magari ya serikali, alikuwa akisahihisha hesabu za watoto wa Pumwani.

Alifanya kazi hiyo karibu miaka minne. Alifariki dunia Nairobi mwezi wa Julai 1966, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, kabla hajaiacha chaki. Hakukuwa na kustaafu mara ya pili. Vigogo wa serikali na watu wengine aliowahi kuwafundisha walimlilia.

Nilipomaliza kusoma nilikuwa nimepanga kumwonyesha mwalimu wetu insha hii ili aone haya. Nasema kweli. Nilitaka aisome achane ile barua ya uhamisho. Nikaandika mara ya kwanza kwa hasira nyingi, sentensi zote zikiwa na alama ya mshangao. Halafu nikakumbuka jambo ambalo mwandishi wa haki hawezi kuliruka. Carey Francis hakuwa na mke wala mtoto wa kulipiwa karo. Alikwenda Pumwani akiwa amekwisha kuwa Carey Francis. Mwalimu wetu ana mke na watoto watatu, anapanda matatu mbili kuja na mbili kurudi, na shule anayokwenda itampa nyumba. Tena nilimwuliza, na alinijibu kwa upole kwamba aliomba uhamisho huo miaka miwili iliyopita, kabla ya kutujua, na kwamba sasa umekuja hajui afurahi au vipi.

Basi niliichana ile insha ya kwanza nikaandika hii. Sijui kama atakwenda. Darasa letu limekwisha gawanyika: wengine wanasema tumwandikie barua mwalimu mkuu, wengine wanasema tumwache mtu wa watu atafute riziki yake. Mimi nimemwomba kitu kimoja tu, lile daftari lake jeusi. Humo ameandika majina yetu sitini na manne, na mbele ya kila jina kitu ambacho mwenyewe bado hakielewi. Nimemwomba amwachie mwalimu atakayekuja. Amesema atalifikiria, kwa sababu kuna kurasa ambazo hajamaliza, na Alhamisi kipindi cha pili bado ni chake.